Silinda ya Tatu

Asubuhi, ikiwa baridi, inagonga.
Si hodi ya mgeni. Mgeni huchoka, akenda zake.
Hii ni ya mdai: ko, ko, ko,
anajua umo ndani.

Ni Isuzu ya zamani, boza la maji,
la tangu mabomba ya Jomvu
yalipokuwa bado yana maji.

Dereva wangu Mwachiro asema: mafuta.
Yule wa kituo kile huyachanganya na ya taa.
Jirani asema: jicho.
Shemeji asema: bigendi imekwisha, krenki imelika,
liuze kwa kilo kabla halijatoboa bloku.
Shemeji ana mteja tayari.
Shemeji ana mteja wa kila nilichoachiwa.

Nikalipeleka Mikindani kwa Kitsao,
nyuma ya ghala la magunia,
pale ardhi ilipokunywa oili
hata magugu yakakata tamaa.

Kitsao hasikii.
Miaka arobaini ya injini imemla masikio,
la kushoto kwanza, kisha la kulia,
pole pole, kama panya na mkate wa watu.
Hakuniuliza kitu.
Alichomoa kijiti cha oili, akaisugua kwa vidole viwili,
akaigeuza juani akitafuta kumetameta,
ule unga wa beringi inayojisaga.
Hakuuona.
"Usilie bado!" akapiga kelele,
na mimi sikuwa nalia.

Akashika bisibisi ndefu,
ncha akaikita kwenye bloku,
mpini akauuma kwa meno. Akafumba macho.
Injini ikampanda tayani, mashavu yakatetemeka.
Ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu, akakunja uso
kama aliyetafuna changarawe ndani ya pilau.
"Ndiye huyu."

Ndiye, lakini ana nini?

Spana kumi na saba. Akalegeza nati ya bomba,
nozeli ya kwanza: dizeli ikatemwa,
injini ikachechemea, ko ikabaki.
Akakaza. Ya pili, vile vile.
Ya tatu:
kimya.
Injini ikaenda kwa miguu mitatu, haigongi.

Mwachiro akapiga makofi. Mimi nikaogopa.
Kimya kile nakijua,
ndicho kilichoingia chumbani kwetu
siku kikohozi cha mume wangu kilipokoma.

"Sasa tunamhamisha," akasema Kitsao.
Nozeli ya tatu ikae kwa pili, ya pili ikae kwa tatu.
"Ugonjwa ukifuata nozeli, ni wa nozeli.
Ukibaki palepale, ni wa mifupa."

Saa mbili nzima. Nilikalia ndoo
nikapiga hesabu: beringi, kuchonga krenki,
karo ya Mbeyu, kodi ya miezi mitatu,
mahamri mawili ya jana ndani ya mkoba.
Kule hospitali walisema kifua,
wakasema moyo, wakasema rudi Jumatatu.
Hakuna aliyemhamisha kitu.
Hakuna aliyeuma chuma
amsikilize kwa mifupa yake mwenyewe.

"Washa!"

Moshi mweupe. Moshi wa buluu.
Ko, ko, ko.
Nikafa kidogo.
Kitsao akaiuma bisibisi, akaenda moja kwa moja kwa tatu,
akatikisa kichwa.
Akarudi kwa pili,
akacheka, na mpini ukamponyoka kinywani.
"Umehama! Umehama, mama!"

Ilikuwa nozeli tu,
inayodondosha badala ya kupuliza,
mate ya mtoto mahali pa pumzi.
Bei yake haifiki hata karo ya muhula.
Aliniwekea kiganjani ingali moto,
ndogo kama kidole cha mwisho,
na siku kumi na moja zote
nilikuwa namwogopa huyu.

Simu ikalia. Shemeji.
Sikuwa na la kumwambia,
nikampa Kitsao aipokee.

"Haloo? Haloo?
Sema kwa nguvu, bwana!
Sikusikii!"